Maswali ya Wasomaji: Gesi Inayofuata Moshi Hadi Mawinguni

Kwa nini tusiwashe matanuri ya iodidi ya fedha kwenye miteremko ya Nyandarua ili bwawa la Ndakaini lijae? Na gesi ya kufuatilia ni ya nini? (Msomaji, Gatanga)

Iodidi ya fedha ni kemikali inayochomwa ili chembe za moshi wake ziwe mbegu za kugandisha matone ya wingu na kuleta mvua. Moshi huo hauna faida mpaka ufike ndani ya wingu penye matone yaliyopoa hadi nyuzi −6 au chini zaidi bila kuganda. Ukiwashwa bondeni usiku, hewa baridi inayoteremka huukandamiza pale pale, na asubuhi unaukuta umetanda juu ya migomba. Ndiyo maana watafiti huachilia gesi ya salfa heksafloridi pembeni mwa tanuri, kisha huitafuta juu ya kilele kwa ndege au gari. Gesi hii haina harufu, haioshwi na mvua, na kifaa cha kupima gesi kwa kunasa elektroni huiona ikiwa sehemu chache tu kwa trilioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitumiwa hivyo kwenye nyanda za juu za Wasatch, jimbo la Utah, Marekani.

Lakini Utah wakati wa kipupwe, mgongo wa mlima wenyewe huwa ndani ya wingu la baridi hiyo. Kwetu nyuzi sifuri hukaa kati ya mita 4,700 na 5,000, hivyo −6 iko karibu mita 5,800. Nyandarua inaishia mita 4,001, na hata Mlima Kenya, wenye mita 5,199, haufiki. Moshi ungehitaji wingu la radi liubebe mita 1,800 nyingine. Ndiyo sababu waliopambana na mvua ya mawe kule Kericho walitumia roketi na ndege kupeleka mbegu hizo mawinguni. Kwa maoni yetu, jaribio la gesi Nyandarua lingefaa kabla ya kununua tanuri hata moja, na huenda lingemaliza mjadala.

Gesi kiasi gani hutosha? (Mwalimu wa fizikia, Ngong)

Piga hesabu hivi. Achilia kilo 10 kwa saa, yaani gramu 2.8 kwa sekunde. Tuseme juu ya kilele wingu la gesi lina upana wa kilomita 5 na kina cha mita 500, na upepo ni mita 8 kwa sekunde. Kila sekunde zinapita mita za ujazo milioni 20, kwa hiyo unapata nanogramu 140 kwa kila mita ya ujazo. Kwenye hewa nyepesi ya mita 4,000 hizo ni sehemu 35 hivi kwa trilioni, zikiongezwa juu ya zile 11 au 12 ambazo tayari zimo hewani kila mahali. Zinaonekana vizuri.

Mtungi uwe juu ya mizani muda wote. Gesi ndani yake ni kimiminika. Kinapogeuka mvuke mtungi hupoa, shinikizo hushuka, na mtiririko hupungua bila wewe kujua. Unganisha mitungi miwili au mitatu sambamba, au uzamishe mmoja kwenye maji ya vuguvugu. Mara kwa mara kosa kubwa huwa ni mikono yenye gesi kuchafua sampuli: aliyefungua valvu asishike sirinji za sampuli, wala mitungi isipande gari la vipimo. Chukua sampuli upande upepo unakotoka kabla ya kufungua chochote, kwa kuwa vituo vya umeme hutumia gesi hiyo hiyo kwenye swichi zake na huvuja.

Gesi ikifika kileleni, basi mbegu zimefika? (Msomaji, Kiambu)

Hapana. Gesi inaonyesha njia ya hewa tu. Chembe za moshi huweza kunaswa na matone njiani, na mwanga wa jua hupunguza uwezo wake wa kugandisha. Ndiyo maana wengine huachilia pia chembe za oksidi ya indiamu, zenye ukubwa uleule ila hazigandishi, kisha hupima theluji: fedha ikizidi indiamu kuliko ilivyoachiliwa, iodidi imegandisha kweli, uwiano ukibaki uleule, chembe zimeoshwa tu. Kwetu, mvua isiyo ya theluji ingefanya kipimo hicho kuwa kigumu zaidi.

Gesi hii ina madhara? (Msomaji, Kibera)

Ni nzito kuliko hewa mara tano, hivyo usiiache chumbani wala shimoni, maana itamkosesha mtu hewa. Kwa tabianchi ni mbaya: kilo moja huzuia joto kama kilo 24,000 hivi za kaboni dioksidi katika miaka 100. Saa moja ya jaribio letu ni sawa na tani 240. Perfluorokaboni zinazotumiwa kufuatilia hewa huhitajika kwa kiasi kidogo kuliko gesi hii, kwa kuwa hewani zimo chache mno, ila vipimo vyake ni ghali.