Lami juu ya kutu

SWALI: Land Cruiser yangu ya zamani hushuka ufukweni Nungwi kila siku kuvuta boti. Fundi anataka kuipiga lami chini kote. Nimruhusu?

JIBU: Bado. Lami ikipigwa juu ya kutu huifungia chumvi na unyevu. Nje chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, itang'aa, chini yake inaendelea kuliwa.

Inua gari, uiweke juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Osha kwa maji ya bomba, kisha tafuta vile vitundu vya kutolea maji chini ya chesisi. Mchanga ukiviziba, maji ya bahari hutuama ndani, na kutu huanzia huko usikokuona. Vizibue kwa waya, ingiza mpira wa maji mpaka yanayotoka yawe meupe. Iache ikauke siku 2.

Sasa gonga kwa nyundo ndogo. Mlio ukiwa butu, au ncha ya bisibisi ikizama, hapo ni kuchomelea kwanza. Kwengine kwangua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, paka praima ya zinki mikono 2, ndipo lami, tena nyembamba. Ndani ya chesisi pulizia nta ya majimaji. Lami haifiki huko. Breki, ekzosi na mipira yote usiiguse.

Kupaka oili chafu ya injini chini ya gari, dawa ya wengi? Huvimbisha bushi za mpira, na hudondokea pwani yetu wenyewe.

Na kila gari ikitoka baharini, mwagia maji ya bomba chini siku hiyo hiyo, usingoje Ijumaa.