Fundi aliniambia virusi vimeunguza hadi diski, nikamfukuza mdogo wangu

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Manyoni, mwalimu wa sekondari. Hadi diski yake ya nje imegoma, na humo ndimo ilimo mitihani na maazimio ya kazi ya miaka minne. Fundi amemwambia virusi vimeingia vikaiunguza, haifai tena, anunue nyingine. Na aliyevileta virusi hivyo ni mwanafunzi wa kidato cha nne aliyechomeka flashi yake kwenye laptopu ya mwalimu ili achapishiwe barua. "Kaka," akamalizia, "huyo mtoto nimemwita ofisini kesho na mzazi wake. Nimeona nikuulize kwanza, ni kweli virusi vinaweza kuunguza diski?"

Nilimjibu usiku uleule: mwalimu, usimwite huyo mtoto. Nikamwahidi maelezo kamili, na maelezo yenyewe ni haya. Nayaandika kwa ajili yenu nyote, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna studio, mna stesheneri, au mnakusanya mtaji mfungue. Siku moja diski itawafia mikononi, na mtatafuta mtu wa kumlaumu.

Mimi nilimpata wa kumlaumu. Ilikuwa Agosti 2018. Studio yangu ilikuwa chumba kimoja pale Majengo, kamera mbili na laptopu moja. Nilikuwa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: kichen pati, sendofu na harusi ya binti mmoja, familia yenye watu wengi na majina. Kianzio nililipwa laki sita. Kwangu wakati ule hiyo ilikuwa pesa ya kumwonyesha mke. Video zote za siku tatu niliziweka kwenye hadi diski ya nje ya TB 1 niliyoinunua Kariakoo, kisha nikafuta kadi za kamera, maana Jumamosi iliyofuata nilikuwa na kipaimara.

Jumatatu asubuhi nikachomeka diski nianze kuhariri. Ikalia ka, ka, ka, ikanyamaza. Ka, ka, ka tena. Laptopu inatoa ule mlio wa kutambua kitu, halafu kitu chenyewe hakionekani. Nilichomoa na kuchomeka labda mara hamsini. Sasa najua kwamba kila mara niliyoiwasha nilikuwa naimaliza.

Nikaipeleka kwa fundi. Siku ya tatu akaniita, akaniwashia laptopu yangu, antivirusi imejaa mistari myekundu. "Virusi, kaka. Vimeiunguza." Nikaangalia vimetokea wapi. Vilitokea kwenye flashi ya nyimbo ya mdogo wangu.

Huyu mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo. Alikuja kwangu kutoka Kibaigwa baada ya kumaliza kidato cha nne, nikamfundisha kushika kamera, na alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu. Nyimbo za harusi alikuwa anazifuata kwa madijei, flashi yake inazunguka kwenye kompyuta za mji mzima. Kwa hiyo virusi alikuwa navyo kweli, vile vya shotikati, vinavyoficha mafolda na kukuwekea vivuli vyake. Hilo halikuwa uongo. Jioni ile nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikamtoa na begi lake. Nauli sikumpa. Mama mdogo hakupokea simu yangu kwa zaidi ya mwaka.

Kesho yake nikarudi kwa fundi. Nikakuta ameifungua diski. Sisemi kasha la nje, nasema diski yenyewe, mfuniko uko pembeni na sahani inang'aa juu ya meza, mlango wazi. Mnaoijua Dodoma ya mwezi wa nane mnaujua ule upepo na vumbi lake jekundu, unafuta meza asubuhi, saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Sikusema kitu. Sikujua kwamba kuna la kusema.

Kwa mama wa bibi harusi nilikwenda mwenyewe, na pesa yake mkononi. Hakunipigia kelele. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hata kile kipande cha mjomba wake akitoa nasaha hakipo?" Hakipo, mama.

Nikafunga safari hadi Dar, kwa mtaalamu wa kuokoa mafaili. Aliielekeza sahani kwenye taa, akanionyesha mikwaruzo ya duara, akaniuliza, "Hii iliwahi kuanguka?" Nikakataa katakata. Nilikuwa kwenye basi narudi, tumeshapita Gairo, ndipo nikakumbuka. Wiki mbili kabla ya ile Jumatatu, umeme ulikatika usiku nikiwa nahamisha mafaili. Laptopu ilikuwa na chaji, kwa hiyo diski ilikuwa bado inazunguka. Nikasimama gizani kutafuta tochi, waya ukanasa mguuni, diski ikaenda sakafuni, kwenye saruji. Niliiokota, ikasoma, nikaisahau. Aliyeiua diski ile ni mimi, kisha fundi akaizika.

Sasa nielezee, maana nimetumia miaka kujifunza jambo hili na sitaki mjifunze kwa gharama niliyolipa mimi. Ndani ya hadi diski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine 7,200. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani bila kuigusa, na nafasi iliyopo kati yake ni ndogo kuliko unene wa unywele wako kwa maelfu ya mara. Punje moja ya vumbi hapo ni jiwe. Diski ikianguka huku inazunguka, kichwa kinagonga sahani, na kinachokwanguliwa ni harusi ya mtu. Ule mlio wa ka, ka, ka ni kichwa kinachotafuta njia na kuikosa.

Kirusi ni maandishi. Ni amri zilizoandikwa na mtu. Kinaweza kufuta mafaili, kuyaficha au kuyafunga kwa nywila udaiwe pesa kama WannaCry ilivyofanya Mei 2017. Hayo yote yanapita juu ya sahani kama wino unavyopita juu ya karatasi. Ukifomati diski, inaanza kazi upya. Mwaka 2012 kirusi kiitwacho Shamoon kilifuta kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco. Kilichoteketea ni yaliyoandikwa kwenye diski.

Hofu hii ina asili yake, na ni haki kuisema. Mwaka 1998 kilitokea Taiwan kirusi cha CIH, ambacho wengi walikiita Chernobyl kwa sababu siku yake ya kulipuka, 26 Aprili, ni tarehe ya ile ajali ya 1986. Ilipofika 26 Aprili 1999, kompyuta nyingi, hasa barani Asia, hazikuwaka. Kilikuwa kimejaza takataka mwanzoni mwa diski, na kwenye baadhi ya kompyuta kikafuta programu iliyomo kwenye chipu ya kuwashia, ikabidi chipu au ubao mzima ubadilishwe. Watu waliona mashine imekufa kwa kirusi, na habari hiyo haijafa mpaka leo. Tena iko Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, iliyobadilisha mwendo wa mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Iran, hadi nyingine zikaharibika. Kwa hiyo programu inaweza kuvunja chuma, pale chuma hicho kinapopokea amri ya mwendo wake kutoka kwa kompyuta na hakuna kinachoizuia.

Diski yako je? Diski ina programu yake ndogo ya ndani, na kuna watu waliowahi kuiandika upya. Kaspersky, kampuni ya antivirusi, waliieleza kazi hiyo mwaka 2015. Lakini wale walikuwa majasusi, na walitaka kujificha humo, si kuichoma. Anayeweza hayo anaweza pia kuiua diski isiwake tena. Hatembei na flashi ya bongofleva mjini Dodoma. Kwa diski za SSD, zile zisizo na sahani bali chipu tupu, kuna mlango mwingine: zina kikomo cha kuandikwa, nyingine za GB 500 hupewa na mtengenezaji TB 300, na kirusi kinachoandika usiku na mchana kinaweza kukiharakisha kikomo hicho. Vivyo hivyo diski ya sahani iliyochoka, ukiifanyisha kazi bila kupumzika kwenye joto letu, itafika mwisho mapema. Hata hapo kirusi kimesukuma mlango uliokuwa umeshaachia bawaba.

Fundi anayekwambia virusi vimeunguza diski, mwombe akuonyeshe. Ipo programu ya bure, CrystalDiskInfo. Inasoma kumbukumbu ambazo diski inajiwekea yenyewe: imewaka kwa jumla ya saa ngapi, ina joto gani, na ni sekta (vile vipande vidogo vya kuandikia) ngapi mbovu imezihama na kutumia za akiba. Rangi ya bluu ni nzima, ya njano ni tahadhari, nyekundu ni mbovu. Namba ya sekta zilizohamwa ikiwa inapanda wiki hadi wiki, diski inakufa, na hakuna antivirusi itakayoiponya. Na kama mafolda yamegeuka shotikati tu, usifomati! Mafaili yako yapo, yamefichwa, fundi anayejua amri ya Windows iitwayo attrib atayarudisha kwa dakika chache.

Diski ikianza kulia, izime. Usiijaribu tena, usiiweke kwenye friji kama wanavyoambizana watu, na usikubali mfuniko wake ufunguliwe kwenye meza ya mtu yeyote. Na nakala, jamani. Faili lililo mahali pamoja halipo. Weka nakala ya pili, na ya tatu iwe nyumba nyingine. Kadi ya kamera haifutwi mpaka faili liwe sehemu mbili. Nitalirudia hili kila nikiandika, hata mkinichoka.

Leo nina vyumba vitatu Area D na vijana wanne. Machi mwaka jana diski yangu mojawapo iligeuka njano. Usiku uleule nilihamisha GB 700, na siku ya tatu ikafa. Harusi tano za watu zilikuwa humo, na wateja wote watano walipokea kazi zao kwa wakati. Najivunia hilo kuliko kamera yoyote niliyonunua.

Lakini kuna kitu sikuwa na nakala yake. Kibaigwa nilikwenda 2020, nikapiga magoti mbele ya mama mdogo nikaeleza kila kitu, kuanzia ule waya uliokuwa mguuni. Mdogo wangu alinipa kiti na soda, akasema yamepita. Nikamwomba arudi studio. Akasema hapana, kwa upole, na yule kijana hajashika kamera tena mpaka leo. Anafanya kazi ya mizani pale soko la mahindi. Wenye vijana chini yenu, mnaposhika hasira kwa sababu ya kifaa, mfikirieni huyo mwenye mkono mtulivu anayepima magunia. Kifaa kinapimwa kwa dakika tano. Mlifanye hilo kabla hamjafungua mdomo.

Mwalimu wa Manyoni aliniandikia tena leo asubuhi. Amejaribu waya mwingine, diski bado haisomi, ila hailii, na hajaruhusu mtu kuifungua. Jumamosi anakuja nayo Dodoma kwa basi. Nimemwambia aifunge kwenye kitenge aipakate mapajani, asiiweke kwenye buti. Yule mtoto wa kidato cha nne hajamwita.