Kabla Hujaongoza Taasisi ya Muziki, Jifunze Njia ya Pesa

Wengi wanaotamani kuongoza taasisi za muziki huingizwa na mapenzi. Waliimba kwaya, walipiga gitaa, au walikuwa wasikilizaji wakubwa tu, kisha wakaanza kujiuliza nani huamua orkesta ipi ipewe ruzuku, tamasha lipi lifutwe, na somo la muziki libaki au liondolewe kwenye ratiba ya shule. Mapenzi hayo yana kazi yake. Ila ukishaajiriwa utakabidhiwa mizania, katiba ya chama, mkataba wa ukumbi na barua za wafadhili, na karatasi hizo haziulizi unapenda muziki gani.

Kijana anayekuja kuanza kazi hizi mimi humpa zoezi moja kabla ya mengine yote: chagua wimbo wowote ufuatilie pesa yake, kuanzia inapotoka kwa msikilizaji mpaka imfikie aliyeutunga na aliyeupiga. Nadharia ya sera utaisoma baadaye, na utaielewa haraka zaidi.

Utakachogundua kwanza ni kwamba wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani melodia na maneno, na kuna rekodi ya utunzi huo. Utunzi hupewa namba yake ya kimataifa, ISWC, inayoanza na herufi T. Rekodi hupewa ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Mtunzi ana hakimiliki. Mwimbaji, mpigaji ala na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki, yaani haki juu ya uimbaji, upigaji na rekodi yenyewe. Pesa za pande hizi mbili mara nyingi hupita kwa makarani tofauti, kwa kasi tofauti, na wakati mwingine upande mmoja haupati kitu. Marekani, kwa mfano, redio za kawaida za masafa hulipa watunzi lakini hazilipi waimbaji wala wenye rekodi. Nchi zilizoufuata katika jambo hili Mkataba wa Roma wa 1961, ule wa kuwalinda waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi, huwalipa pia waimbaji au wenye rekodi, au wote wawili. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye mkutano na kusema "wasanii hawalipwi na redio", swali la kwanza la mtu anayejua kazi ni: wasanii gani, na kwa haki ipi?

Utaratibu huu wa kukusanya kwa pamoja mirabaha, yaani malipo ya kutumia kazi ya mtu, una asili inayochekesha kidogo. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget na wenzake walikuwa kwenye mkahawa wa Café des Ambassadeurs mjini Paris, wakasikia nyimbo zao zikipigwa pale bila wao kulipwa. Wakakataa kulipa walichokunywa. Jambo likaenda mahakamani, watunzi wakashinda, na mwaka 1851 ikaanzishwa SACEM, chama cha kukusanya mirabaha ambacho kipo hadi leo. Mtunzi mmoja hawezi kukesha kwenye kila mkahawa akihesabu nyimbo zake, ndiyo maana chama kikahitajika. Vyama vya namna hiyo vilipozidi kuwa vingi, vikaunda shirikisho lao, CISAC, mwaka 1926, na mikataba kati yao ndiyo inayowezesha pesa ya nchi moja kumfikia mtunzi wa nchi nyingine.

Ukimaliza zoezi hilo, chukua ripoti ya mwaka ya chama chochote cha mirabaha utafute tarakimu tatu: kilichokusanywa, kilichogawiwa, na kilichobaki kwa sababu mwenyewe hajulikani. Tarakimu ya tatu ndiyo yenye hadithi. Mara nyingi nyuma yake kuna redio ambayo haikuwasilisha orodha ya nyimbo ilizopiga, watunzi watatu ambao hawakuwahi kuandikiana nani anamiliki asilimia ngapi, au jina la mtu lililosajiliwa kwa tahajia mbili. Hapo ndipo kiongozi mwenye akili huanza kufanya sera, maana mambo hayo hutatuliwa kwa fomu na mafunzo, na hotuba haziyagusi.

Upande wa pili ni pesa ya taasisi yenyewe. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza jambo ambalo kila mtendaji wa orkesta hulihisi bila kulitaja. Kiwanda hupata mashine na kuzalisha zaidi kwa watu walewale, hivyo kinaweza kupandisha mishahara bila kupandisha bei. Lakini kipande cha Beethoven kilichoandikiwa fidla mbili, viola na selo bado kinahitaji watu wanne na dakika zilezile kama enzi za Beethoven mwenyewe. Mishahara ikipanda kwingine, lazima ipande na hapo pia, la sivyo wapigaji wataondoka. Gharama huongezeka mwaka hadi mwaka hata kama hakuna aliyefuja senti. Ukilielewa hili, hutadanganyika na mjumbe wa bodi anayedhani taasisi itajitegemea kabisa ikiuza tiketi kwa bidii zaidi, wala hutamwahidi hivyo mfadhili.

Kisha jifunze kutofautisha faida na fedha taslimu. Nimeona taasisi zenye tamasha lililojaa watu zikishindwa kulipa mishahara mwezi huohuo. Malipo ya awali ya ukumbi, tiketi za ndege na vyombo vya sauti hutoka mapema. Mapato ya mlangoni huja usiku wa onyesho. Na awamu ya mwisho ya ruzuku huja baada ya ripoti kukubaliwa, pengine miezi mingi baadaye. Isitoshe, pesa nyingi za wafadhili zimefungwa masharti. Benki ina salio nono, lakini ni la mafunzo ya vijana, huruhusiwi kununulia hata karatasi za ofisi. Mhasibu wako akueleze kila mwezi ni kiasi gani kiko huru. Asipoweza kukujibu, una tatizo kubwa kuliko la mipangilio ya programu.

Sasa, nani aamue pesa ya umma iende wapi? Hapa ndipo nawaomba wageni wakae kwa muda, kwa sababu karibu kila ugomvi utakaoukuta katika sera ya utamaduni umezunguka swali hili. Uingereza ilichagua njia moja. John Maynard Keynes, mchumi, aliongoza baraza la wakati wa vita la kuhimiza muziki na sanaa kuanzia 1942, kisha akapigania liwe baraza la kudumu. Alifariki Aprili 1946, miezi michache kabla ya baraza hilo kupata hati yake ya kifalme. Msingi wake ni kwamba serikali hutoa fungu, lakini baraza lenye wajumbe wake ndilo huchagua kazi za kufadhili, waziri akikaa mbali na uamuzi huo. Ufaransa ikachagua njia nyingine: mwaka 1959 iliunda wizara ya utamaduni na kumkabidhi mwandishi wa riwaya André Malraux, aliyekaa hapo mpaka 1969. Pale dola yenyewe ilishika usukani, ikajenga nyumba za utamaduni na kupanga.

Wengi husoma mambo haya wakaamua kuwa njia ya kwanza ni safi na ya pili ni chafu. Si rahisi hivyo. Baraza lililo mbali na waziri linaweza kuwa karibu mno na marafiki wa wajumbe wake, likafadhili aina moja ya muziki miaka nenda rudi kwa kisingizio cha ubora. Wizara inaweza kuwa na nguvu ya kufika mahali ambapo baraza la wataalamu halikuwahi kupeleka macho. Mimi naegemea upande wa baraza, lakini kwa sharti kwamba wajumbe wana ukomo wa kukaa na majina ya waliofadhiliwa huchapishwa. Bila mambo hayo mawili tofauti baina ya mifumo hii ni ndogo kuliko inavyosemwa.

Mfano mzuri wa wizara iliyofanya vizuri unatoka Ufaransa hiyohiyo. Maurice Fleuret aliteuliwa mkurugenzi wa muziki na dansi chini ya waziri Jack Lang. Utafiti wa wizara kuhusu mwenendo wa watu katika utamaduni ukaonyesha kuwa mamilioni ya Wafaransa wanapiga ala nyumbani, ilhali matamasha rasmi yalikuwa hayawagusi. Tarehe 21 Juni 1982 wakawaita watu watoke barabarani na ala zao. Sikukuu hiyo ya muziki sasa huadhimishwa katika nchi nyingi. Ninachotaka ukione ni jinsi jedwali la utafiti lilivyosomwa na mtu aliyejua muziki akaona ndani yake umati usio na jukwaa. Takwimu za namna hiyo zipo kwenye makabati ya ofisi nyingi, hazina msomaji.

Kwenye ngazi ya kimataifa, wageni huchanganya mikataba miwili ya UNESCO, na kuchanganya huku hukera sana mezani. Mkataba wa 2003 unahusu urithi wa utamaduni usioshikika: ngoma, nyimbo, ufundi unaorithishwa na jamii. Mkataba wa 2005 unahusu uanuwai wa kujieleza kiutamaduni, na kiini chake ni haki ya nchi kuwa na sera zake za utamaduni huku bidhaa na huduma za kitamaduni zikiuzwa duniani. Ulipitishwa kwa kura 148 dhidi ya 2, Marekani na Israel, ukaanza kutumika 2007. Ukitafuta fedha za kuhifadhi ngoma inayopotea na ukanukuu mkataba wa 2005, anayekusoma atajua hukufungua waraka.

Katika huo wa 2005 kuna vifungu vitatu vya kuwa navyo kichwani. Kifungu cha 9 kinazitaka nchi wanachama kutoa taarifa kila baada ya miaka minne. Cha 11 kinatambua asasi za kiraia. Cha 16 kinazitaka nchi zilizoendelea kuwapa upendeleo wasanii na kazi zinazotoka nchi zinazoendelea. Cha 16 ndicho utakachokihitaji visa ya bendi yako ikikataliwa, ingawa usitarajie kikufungulie mlango wa ubalozi asubuhi inayofuata. Kile cha 9 kina faida ya karibu zaidi. Mwaka wa taarifa, ofisa wa wizara hutafuta takwimu na mifano, naye huwa amechelewa. Taasisi ndogo inayompelekea kurasa nne safi zenye tarakimu hujikuta ndani ya taarifa ya nchi. Sijui njia ya bei nafuu zaidi ya kusikika.

Kuhusu elimu, usiumize kichwa sana juu ya shahada ipi. Keynes alikuwa mchumi. Deborah Borda, aliyeongoza orkesta za Los Angeles na New York, alisomea viola. José Antonio Abreu, mwanzilishi mwaka 1975 wa mfumo wa orkesta za vijana Venezuela, alikuwa mwanamuziki na mchumi kwa pamoja, na ujanja wake mkubwa ulikuwa kuombea fedha kama mpango wa jamii na vijana, mahali penye bajeti nene kuliko ya utamaduni. Serikali zilibadilika, mradi ukabaki. Wakosoaji wanasema ukaribu huo na watawala ulikuwa na gharama yake, na wana hoja ya kusikilizwa. Soma pande zote mbili kabla hujaiga.

Nafasi ya kuanzia ambayo watu huidharau ni ya kuandika kumbukumbu za vikao. Omba hiyo. Anayeziandika hupata nyaraka zote mapema, hujua akidi ilitimia au haikutimia, na ndiye anayeulizwa miaka miwili baadaye tuliamua nini hasa. Soma katiba ya chama mpaka ujue nani ana kura na nani ni msikilizaji tu. Katika mashirikisho ya kimataifa, kama Baraza la Kimataifa la Muziki lililoundwa 1949 kwa msukumo wa UNESCO, wanachama ni mabaraza na vyama, kwa hiyo uongozi hupatikana kwa kuungwa mkono na watu waliotumwa, ambao lazima warudi kwao kutoa maelezo. Baraza hilo lilitangaza haki tano za muziki mwaka 2001, ya mwisho ikiwa wasanii kutambuliwa na kulipwa kwa haki. Jua hizo tano. Zinatosha kukupa hoja kwenye kikao ambacho hukujiandaa.

Kuna mgongano wa maslahi ambao hautakukwepa, maana muziki ni mji mdogo na kila mtu amewahi kupiga na kila mtu. Kondakta anayeomba ruzuku alikufundisha. Mjumbe wa bodi ana studio. Tamka mapema, toka chumbani wakati wa uamuzi, na hakikisha kumbukumbu zinaandika kuwa ulitoka na saa uliyorudi. Wenzako watakuona mgumu kwa muda.

Kuhusu mwenyekiti na mtendaji mkuu, pateni siku moja muandike nani anasaini mikataba, nani anaongea na vyombo vya habari, nani anaajiri. Mkishakosana hamtaweza kuyaandika. Na ukiwa unaondoka, badilisha watia saini wa benki kabla ya hafla ya kukuaga, kabidhi nywila za mfumo wa tiketi na akaunti za mitandao, na uache orodha ya ruzuku zote zenye ripoti ambazo bado hazijawasilishwa, kila moja na tarehe yake.