Alama 38 si kichaa, dada

Pole sana dada yangu. Umeuliza kama alama 38 alizopata mumeo kwenye ile fomu ya PCL-5, inayopima dalili za mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha, tangu arudi kulinda amani Kongo, maana yake ni kichaa. Hapana. Fomu hiyo ina maswali 20 kuhusu mwezi uliopita, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 80. Akifika 31 hadi 33 hivi, mtaalamu anapaswa kukaa naye amhoji vizuri. Fomu peke yake haisemi mtu ni mgonjwa.

Mimi ningetazama swali la 6 na la 7. Hayo ndiyo yanayouliza mtu anakwepa nini: la 6 mawazo na kumbukumbu, la 7 watu, mahali na mazungumzo. Unasema anazunguka mbali asipite soko la Mbuyuni kwa sababu ya mlio wa malori, na picha za kikosi amezifungia kabatini. Mweleze daktari hivyohivyo. Anayekwepa sana anaweza hata kupata alama ndogo, maana fomu anaijaza harakaharaka asiguse kidonda.

Ustahimilivu, yaani uwezo wa kuinuka tena baada ya shida, hupimwa kwa fomu nyingine, ile ya Connor na Davidson ya 2003, maswali 25. Humo alama kubwa ndiyo nzuri, msichanganye.

Hapo Moshi nendeni hospitali ya KCMC, muulizie afya ya akili. Usimburute Mbuyuni kwa nguvu. Kurejea huko kidogokidogo kunahitaji mtaalamu. Akigoma kwenda hospitali, tangulia wewe. Akitaja kujiua, nendeni siku hiyohiyo.