Ndio, mbwa wa getini naye asafishwe meno

Swali lenu la wiki linauliza kama mbwa na paka wa nyumbani wanahitaji kusafishwa meno au ni mambo ya wenye hela zao. Mi niko Sakina hapa Arusha na jibu langu ni ndio wanahitaji, tena huyu mbwa wetu wa kawaida anayelala nje na kula ugali wa dagaa ndo wa kuangaliwa zaidi, maana yule anayelala ndani akinuka mdomo watu watasikia tu, wa getini nani anamsogelea usoni?

Kinachoniuma ni hiki, mbwa mwenye jino bovu haachi kula. Watu wanasubiri agome chakula ndo wajue anaumwa, sasa yeye anakula hivohivo na maumivu yake, anatafunia upande mmoja, anadondosha chakula, ukimgusa kichwa anakung'akia na nyumba nzima mnasema siku hizi amekuwa na hasira. Mwingine anavimba chini ya jicho, anatiwa dawa ya macho weee, watu wanajua kapigwa jiwe, kumbe ni usaha wa kwenye mzizi wa gego la juu maana mizizi ya lile gego inafika karibu kabisa na pale. Jamani, huyo ndo anawalinda usiku kucha.

Inavyoanza ni kitu kidogo tu, ule ukoga laini unaoganda kwenye meno. Usipotolewa, siku mbili tatu tu unaanza kukamata madini ya kwenye mate na kuwa mgumu, unakuwa ugaga, na ugaga mswaki hautoi tena, hapo ni daktari wa mifugo amlaze kwa dawa ya usingizi akwangue mpaka chini ya fizi. Tafadhali usikwangue mwenyewe kwa kisu, utaacha mikwaruzo ambayo ukoga utashika vizuri zaidi na kule chini ya fizi kwenye ugonjwa wenyewe hujafika. Ndo maana kusafisha mara moja kwa wiki haitoshi, kila siku ndo sawa, ukishindwa basi angalau siku moja uruke moja.

Na haina gharama. Mbwa wangu Simba namtumia kitambaa cha pamba kisafi, nakizungusha kwenye kidole, nakilowesha maji, basi, kinachofanya kazi ni ule msuguano. Mwanzo mzoeshe tu kuinuliwa mdomo wa juu, umguse fizi, umsifie, umuache, kesho tena. Akizoea ndo unaleta mswaki laini wa mtoto, unaulaza kidogo kuelekea kwenye fizi unazungusha taratibu upande wa nje, hasa magego ya juu kule nyuma. Upande wa ndani usigombane nae, ulimi unasaidia. Akikataa, chovya kitambaa kwenye supu ya nyama isiyo na chumvi wala vitunguu, vitunguu ni sumu kwa mbwa na paka. Paka ni hivohivo ila uwe na subira mara mbili.

Dawa ya meno ya watu hapana. Mbwa hawezi kutema, anameza yote, na baadhi zina zailitoli, ile tamutamu ambayo kwenye pakiti jina lake linaanza na X, ipo pia kwenye bigijii zisizo na sukari, hiyo inamshusha mbwa sukari ghafla na inaweza kumharibia ini. Mkaa wa kusaga na chumvi navyo achaneni navyo.

Mifupa sasa, najua tutabishana. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, na mfupa wa mguu wa ng'ombe ni mgumu mno, gego linaweza kuchanika. Kitu cha kutafuna kipime kwa kucha, ukibonyeza kisipobonyea hata kidogo usimpe. Na mbwa anayefungwa mchana kutwa akatafuna mnyororo chonge zinasagika, huyo dawa yake ni kufunguliwa.

Kwa wenzangu wa Usa River na Maji ya Chai, maji ya kule yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, wakati Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mnyama aliyekua na maji hayo anaweza kuwa na meno ya kahawia kama sisi. Rangi hiyo imo ndani ya jino, usiisugue ukamtoa damu bure. Ugaga wenyewe uko juu ya jino, umejazana pale kwenye fizi, na fizi yake inakuwa nyekundu imevimba.

La mwisho, na hili naomba mlichape hata kama mtapunguza mengine. Haya yote ni kwa mbwa wako unayemjua, mwenye chanjo ya kichaa ya kila mwaka. Ukiona mbwa taya limelegea na mate yanamwagika kama mtu aliyekwamwa na mfupa USITIE mkono mdomoni kuangalia, kichaa cha mbwa kinaweza kuonekana hivohivo. Mwite daktari wa mifugo. Na kama ameshakung'ata, au mate yake yameingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 alafu uende hospitali siku hiyohiyo ukachome sindano, hata kama ni mkwaruzo tu.