Kwa anayesimamia kivuko cha watembea kwa miguu siku ya mbio za baiskeli kwa mara ya kwanza

Ukikabidhiwa fulana ya kiakisi na filimbi, utaambiwa kazi yako ni kuzuia watu wasiingie barabarani. Hiyo ni nusu ya kazi. Mama anayepeleka uji hospitali, mlinzi anayetoka zamu ya usiku, wazee wanaorudi kanisani, hao hawakuja kutazama mbio, na wengine hata hawajui kuwa zipo. Watavuka tu. Ukiwazuia bila kuwaambia watavuka saa ngapi na wapi, watasogea hatua hamsini mbele na kujitafutia mwanya wao wenyewe, tena wakiwa na hasira.

Kinachowaponza wengi ni ukimya. Tumezoea kuvuka kwa masikio: mlio wa daladala, honi ya bodaboda. Magari yakiondolewa, mtu anaona njia nyeupe. Kundi la baiskeli likishuka mteremko hutoa mvumo mdogo tu, na ukiusikia ujue limeshafika. Macho nayo hayasaidii sana. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumefundwa kuangalia kulia kwanza, wakati Rwanda magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo mgeni ameshachanganyikiwa kabla ya mbio kuanza. Siku yenyewe waendeshaji hutumia upana wote wa lami. Mwambie kila unayemvusha aangalie pande zote mbili, hata kama umemhakikishia kuwa ni salama.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wageni hukisia. Mtu mzima hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, hivyo barabara ya mita 7 humchukua sekunde 6 hivi. Bibi mwenye mkongojo atahitaji 9 au zaidi. Baiskeli inayokwenda kilomita 36 kwa saa hula mita 10 kila sekunde. Mtu mzima huyo anataka mita 60 zilizo tupu, bibi mita 90, na hapo hujaweka akiba yoyote. Mteremkoni, kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, mita za bibi zinafika 150. Kwa hiyo wahi mapema, pima kwa hatua, chagua nguzo ya umeme au bango la duka liwe alama yako. Baiskeli ikifika kwenye alama, havuki mtu, hata akikuapia kwamba ana mbio. Na kama kona inakuficha alama hiyo, omba kivuko kihamishwe. Usione haya kuomba, waliochora ramani mara nyingi waliichora mezani.

Kisha jiulize ni mbio za aina gani. Za ushindani huwa na nafasi katikati. Kigali ilipopokea mashindano ya ubingwa wa dunia, tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wanaume walikimbia kilomita 267.5, sehemu kubwa ikiwa ni kurudia mzunguko wa kilomita 15.1. Kwa mwendo wao, waliokuwa mbele walirudi pale pale kila baada ya dakika ishirini na kitu. Mizunguko ya mwanzo ni raha kwa msimamizi: kundi linapita, magari ya timu yanapita, unavusha watu. Baadaye kundi linakatika vipande, kila kipande na pikipiki zake, na nafasi uliyoizoea inapotea bila kukuaga. Waliomaliza siku ile walikuwa 30 tu. Wengine walijitoa njiani, na mtu aliyekata tamaa anaweza kutokea peke yake wakati wowote. Ninachokisifu zaidi pale ni kwamba shule za jiji zilifungwa wiki nzima na watumishi wengi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Asiyekuwa na safari hahitaji kivuko.

Matembezi ya baiskeli ya umma ni shughuli nyingine kabisa. Cape Town Cycle Tour ya Afrika Kusini, kilomita 109, huwa na waendeshaji hadi 35,000 wanaoondoka kwa makundi tangu alfajiri. Mto wa watu kama huo hauna mwanya, lazima uutengeneze. Kwenye barabara pana, mnaacha kisiwa katikati. Wasimamizi walio mbele wanawasukuma waendeshaji wote upande mmoja kwa bendera na filimbi, watembea kwa miguu wanaingia kisiwani kupitia upande ulio wazi, kisha mnawageuza waendeshaji waende upande wa pili, na walio kisiwani wanamalizia safari. Wasimamizi wa kuonya wakae mita mia moja au zaidi kabla ya kivuko. Usitandaze utepe kukatiza barabara, haumsimamishi mtu aliye kwenye kasi.

Funga kivuko mapema kuliko moyo wako unavyotaka. Mtu wa mwisho ndiye anayekimbia, na nyuma yake kuna mtoto ambaye mama yake ameshafika ng'ambo. Mtoto huyo hatasubiri filimbi. Familia ivuke pamoja au isubiri pamoja.

Watazamaji wana hatari yao. Tarehe 26 Juni 2021, siku ya kwanza ya Tour de France, mtazamaji aliyeshika bango akiielekea kamera, kisogo kwa waendeshaji, alimwangusha mwendeshaji Tony Martin na kundi zima likamporomokea. Siku hizi ni simu: kwenye kioo chake baiskeli huonekana iko mbali kuliko ilivyo. Na usiangalie baiskeli tu. Mwaka 2009, huko Wittelsheim, Ufaransa, mtazamaji aliyekuwa akivuka katika mbio hizo hizo aligongwa na pikipiki ya polisi akafa.

Jifunze maneno mawili matatu ya mahali ulipo. Kigali, "tegereza" (subiri) na "hagarara" (simama) zitakufaa kuliko filimbi, na "ihangane" (vumilia) itapoza hasira ya aliyesubiri dakika kumi.

Gari la mwisho likipita, watu watajimwaga barabarani wote kwa mpigo. Nyuma yake bado kuna pikipiki za kufungua njia, malori ya kukusanya vizuizi, pengine na mwendeshaji aliyechelewa. Baki hapo hapo hadi redio iseme barabara imefunguliwa, ndipo uvue fulana.