Bunduki Marekani: rangi inahusika?
Mkuu, umeuliza kama mabishano ya bunduki Marekani yana uhusiano na rangi. Yanao, tena wa tangu zamani. Mississippi mwaka 1865, watumwa wameachiwa huru juzi tu, sheria ikawakataza kuwa na silaha bila kibali. Njoo California 1967: Black Panther, kundi la wanaharakati Weusi, waliingia na bunduki kwenye jengo la bunge, Sacramento. Miezi michache baadaye Gavana Ronald Reagan (ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa rais, kipenzi cha wahafidhina) akasaini sheria ya kuzuia kubeba hadharani bunduki yenye risasi. Kwa Mzungu wa kijijini bunduki ni urithi wa babu, ya kuwindia. Mweusi akiibeba kihalali bado anamwazia polisi. Philando Castile, Mweusi, alikuwa na kibali cha bunduki, akamwambia askari anayo, askari akamuua, Minnesota 2016.